Kura za Malaba kwa Mtoto wa Wenyewe

Melbourne, Jumapili ya mwisho ya Agosti. Huu ni mwaka wa thelathini na mbili tangu nivuke daraja la Malaba kwa miguu, nikiwa na sanduku la mabati na cheti cha ualimu, bila wewe kunisindikiza.

Kaka yangu mkubwa,

Emojong, mwanao, amenipigia simu leo asubuhi. Amesema uko mochari ya hospitali ya Kocholia tangu Alhamisi, na kwamba wazee wameamua huzikwi kabla sijafika. "Baba mdogo, kila kitu kiko tayari," ameniambia. "Kaburi tutaanza kuchimba ukishapanda ndege. Tunakungoja wewe tu."

Hii ni mara ya kwanza katika maisha yetu wewe kuningoja.

Namjibu baba yake, si yeye. Na barua yenyewe naiandika wazi kwa sababu hukujua kusoma. Emojong ataisoma kwa sauti pale uani, mbele ya watu wote, nawe utalala uisikilize kama ulivyokuwa ukilala kwenye mkeka nikikusomea vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari. Ulipenda habari za kesi. Nikifika mahali karatasi imechanika ulikuwa unakasirika. "Sasa alifungwa au hakufungwa?" Nami nikabuni hukumu. Mshtakiwa uliyempenda nilimwachilia huru, na yule uliyemchukia nilimfunga maisha, na ulicheka mpaka mama akauliza kutoka jikoni kama tumeokota pesa.

Yako mengine, na ni mazuri. Ulinifundisha kulima kwa maksai nikiwa sijafika kiunoni pako. "Usiangalie ng'ombe," ulisema, "angalia mwisho wa shamba." Mto ulipofurika ulinivusha mabegani, sare yangu ya shule imefungwa kichwani kama kilemba, ukaniambia nikiangusha kitabu utaniangusha mimi. Ulipopata baiskeli ya kubeba watu kule Busia, kati ya vizuizi viwili vya mpaka, ukipaza sauti "boda! boda!" pamoja na vijana wengine, abiria wako wa kwanza nilikuwa mimi. Ulinipeleka mpaka upande wa Uganda ukanirudisha, bila shughuli yoyote. Askari akauliza mtoto huyu amebeba nini.

"Amebeba akili," ukamjibu. "Hiyo haina ushuru."

Na ni wewe uliyeacha shule ili ada iliyokuwapo imtoshe mmoja. Nalitaja hili mapema, mtu asije akainuka katikati ya kusoma akasema nimelisahau. Sijalisahau hata siku moja. Hukuniruhusu.

Sasa nifike kwenye chungu. Wengi waliokuja kukulilia ni wa juzi, hawakumwona baba yetu, kwa hiyo nitaeleza.

Kila baada ya kuvuna wimbi, baba aliweka chungu cha ajon, pombe ya wimbi hiyo, katikati ya nyumba, na majirani wakaketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Kabla mtu hajavuta, kila mwenye boma alitaja kijana aliyefanya kazi kuliko wote msimu ule. Sharti la baba lilikuwa moja tu: humtaji wa kwako. Ukimtaja wa kwako umejivua nguo mbele ya wageni. Wewe humtaja wa jirani, na jirani humtaja wako, na kwa njia hiyo sifa hurudi nyumbani ikiwa imetoka mdomoni mwa mtu mwingine. Hilo tuliliita kurudisha. Kijana akishatajwa, baba yake alimkatia kipande cha shamba. Haikuandikwa popote na haikubishaniwa.

Msimu mmoja ulishikwa na malaria mbaya wakati wa kulima. Nilikuwa likizoni kutoka sekondari. Shamba la mtoni nililima peke yangu, na sikuangalia ng'ombe, niliangalia mwisho wa shamba. Mzee Papai, jirani yetu, alikuwa akisimama uani kwake kila asubuhi na kikombe cha uji. "Leo mistari imenyooka kuliko jana, mwalimu," alisema. Aliniita mwalimu kabla sijawa.

Siku ya chungu ikafika. Baba akamtaja mtoto wa Papai, ambaye sote tulijua alikuwa mvivu kama paka. Zamu ya Papai ikaja. Alishika mrija wake bila kuvuta, akakutazama wewe, si mimi.

"Kwa Omuse," alisema, maana hilo ndilo lilikuwa jina la baba, "namtaja mkubwa."

Ulikuwa umetoka kitandani juzi yake. Miguu yako ilikuwa bado inatetemeka ukisimama. Mirija ikaanza kazi. Baba alinitazama mara moja tu, akainama. Alikuwa mtumwa wa chungu chake mwenyewe. Shamba la mtoni likawa lako.

Kesho yake nilimkuta Papai akifunga mbuzi. Nikamuuliza kama nilimkosea kitu.

"Hapana, mwanangu. Kaka yako alikuja hapa kabla ya chungu. Alisema wewe bado. Alisema, akue kwanza."

Akue kwanza. Nilirudi shule na maneno hayo, nikafanya nayo mtihani, nikaenda nayo chuo cha ualimu. Baba alipokufa nilirudi nyumbani nikakuta ua umesogezwa mpaka mlangoni pangu, na paa la nyumba yangu limeshushwa. Nyasi zake zilikuwa zimepangwa vizuri kando, mafungu kwa mafungu, kama za kuuza. Ulikuwa umeketi juu yake ukitafuna muwa.

"Wewe una kitabu," ulisema. "Mimi nina shamba."

Ulilisema kwa upole, kama mtu anayegawa chakula na kuona kila sahani imetosha. Ulinipa hata kipande cha muwa, na nikakipokea. Nilikitafuna mpaka darajani.

Nilifundisha Tororo, kisha Kampala. Kisha mke wangu, nesi, akapata kazi huku kusini kabisa mwa dunia, nami nikawa mtunza vitabu katika shule ambayo watoto huniita kwa jina langu la kwanza. Mtoto wetu wa pekee alizaliwa huku, na nilimpa jina la baba, Omuse. Ulipolisikia ulifurahi. Ulituma salamu, nikatuma salamu. Kila Krismasi ulinipigia, kwanza kwa simu ya mtu mwingine, baadaye kwa yako, ukaniuliza kama huku kuna mihogo. Nilianza kufikiri kwamba tumezeeka na yamekwisha. Nilikutumia skafu ya klabu aliyochezea mtoto, ya kahawia na nyeupe, ukasema utaivaa mvua ikinyesha.

Mchezo aliocheza, mpira wa Kiaustralia, hukuwahi kuuona, kwa hiyo uliuita rugby, kisha ukauita vita. Wanacheza kwenye uwanja wa umbo la yai, kwa mpira wa umbo la yai. Kila upande una milingoti minne. Mtu anaruhusiwa kukimbia na mpira, kuupiga teke, kuupiga ngumi ili umfikie mwenzake, na kupanda mgongo wa mwingine, kwa goti, ili audake hewani. Ukiudaka safi, filimbi hulia na wote hukuachia nafasi upige kwa utulivu wako. Ni mchezo wa fujo wenye dakika moja ya heshima ndani yake. Nilichukua miaka kuupenda.

Omuse alicheza nyuma. Kazi yake ilikuwa kumfuata mfungaji hatari wa timu nyingine popote aendapo na kuhakikisha hadaki kitu. Ni kazi isiyoonekana, maana ikifanywa vizuri hakuna kinachotokea. Msimu wa mwaka jana aliifanya kidole kimevunjika, kimefungwa plasta pamoja na kidole cha pili, na watu wa kitongoji chetu, kwa mara ya kwanza, wakaiona. Klabu yake si ya ile ligi kubwa ya televisheni. Ni klabu ya mtaa. Mashabiki huegesha magari kuuzunguka uwanja, hukaa ndani na chai yao, na timu ikifunga wote hupiga honi. Kwa mlinzi huwa hawapigi honi. Kwa Omuse walianza kupiga.

Mwisho wa msimu mashabiki humchagua mchezaji wao wa msimu. Makocha wana tuzo yao, waamuzi wana yao, hii ni ya mashabiki. Majina huwekwa mtandaoni, kila simu ina kura moja, na mpiga kura haulizwi anaishi wapi. Duka la nyama la pale mtaani humlipia mshindi mkataba wa msimu unaofuata. Mwaka jana hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Klabu ilikuwa imefilisika nusu, na kocha aliwaambia waziwazi wachezaji wawili waliobaki kwenye kura, Omuse na kijana mmoja mfungaji aitwaye Brodie: "Nina nafasi ya mmoja wenu. Ni yule atakayelipiwa na duka." Omuse alikuwa na miaka ishirini na minne. Katika mchezo huu, huo ndio umri ambao makocha huanza kukutazama magoti badala ya uso.

Alikuwa anaongoza kidogo. Nikafanya alichofanya kila mzazi mwenye simu: nikatuma linki kwenye kundi la ukoo. Niliandika, "Ndugu zangu, mpigieni Omuse kura, ndiyo kazi yake." Ukanijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa kuwa huandiki.

"Mdogo wangu, lala," ulisema. "Hiyo ni kazi yangu. Malaba yote niko nayo mkononi."

Nililala, kaka.

Karamu ya tuzo ilifanyika katika ukumbi wa klabu. Kulikuwa na kuku wa kuoka na vitambaa vya kahawia na nyeupe. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya mnadani, alisimama akasema kwamba mwaka huu jambo la ajabu limetokea, kwamba kura zimezidi watu wote wa kitongoji, watoto wachanga wakiwamo. Watu wa nchi ya mbali wameipenda klabu yetu, alisema, na wametutumia video. Nilinyoosha mgongo. Mke wangu alinishika mkono chini ya meza. Omuse alitazama sahani yake, akitabasamu kama mtu anayejaribu kutotabasamu.

Taa zikapunguzwa, na ukutani ikatokea foleni ya malori ya Malaba.

Huwezi kujua ilivyokuwa kuiona hapo, kwa ukubwa ule. Niliona vumbi lile, maturubai yale, na ukuta wa forodha ambao haukuwapo nilipoondoka. Madereva walikuwa wamekaa kwenye vibao vya magari yao, wanawake wa chapati wako na makarai yao, na vijana wa kubadilisha pesa wameinua simu juu kama watu wanaoonyesha askari vitambulisho. Mbele ya wote ulikuwa wewe. Katika jua lile ulikuwa umevaa skafu yangu, umeizungusha shingoni mara mbili.

"Haya, nyamazeni! Wewe wa njugu, nyamaza kwanza!" ulisema. Kisha ukaitazama kamera. "Hallo. Sisi ni watu wa Malaba, Kenya. Madereva wako hapa, wa pesa wako hapa, mama chapati huyu hapa. Wote wamepiga. Tumempigia huyu kijana wenu, Brodi. Ni kijana mzuri. Ako na miguu."

"Mzee," dereva mmoja akauliza nyuma yako, "si wa kwenu ni yule mrefu?"

"Wewe ngoja forodha," ukamwambia, na watu wakacheka. Ukarudi kwenye kamera, ukirekebisha skafu. "Wetu pia yuko hapo. Lakini wetu bado. Akue kwanza."

Malaba ikapiga makofi. Ukumbi nao ukapiga makofi, bila kuelewa neno.

"Lakini tuna mtu wa huko huko hapa ndani!" mwenyekiti akasema kwa furaha, na maikrofoni ikapitishwa juu ya meza mpaka mbele yangu. "Mzee, tuambie, wanasema nini?"

Ningeweza kubuni hukumu. Nilikuwa na mazoezi. Lakini Omuse anajua Kiswahili, na alikuwa ameacha kutazama sahani. Nilisimama nikatafsiri. Nilisema watu wa Malaba wamemchagua Brodie, kwamba wanamwona ni kijana mzuri mwenye miguu. Nilisema wanasema wao pia wana wa kwao katika timu hii, lakini wa kwao bado. Akue kwanza.

Walicheka kwa mapenzi, kaka. Walidhani ni utani wa kijijini. Brodie alilia. Mama yake alipita katikati ya meza akaja kunikumbatia, machozi yake yakanigusa shavu. "Watu wenu wana roho nzuri kweli," alisema. Nikamwambia asante. Omuse alisimama, akampa Brodie mkono wa kidole kilichofungwa, akampigia makofi mpaka wote walipokwisha kuketi. Alibaki amesimama peke yake akipiga.

Garini, karibu na nyumbani, Omuse aliuliza:

"Baba, yule mzee mwenye skafu ni nani?"

"Ni baba yako mkubwa."

"Ananijua?"

"Anakujua. Una jina la baba yake."

Tulisimama kwenye taa. Zikageuka kijani, sikuondoka mpaka gari la nyuma likapiga honi.

"Mwambie nimekua," alisema.

Asubuhi ulinipigia. Uliweka simu kwa sauti ya juu, nikasikia Malaba nzima nyuma yako, honi na kelele na mtu akinadi mayai. "Mdogo wangu!" ulisema. "Umeniona? Umeona skafu?"

"Nimeiona."

"Sasa waambie hao wazungu warudishe! Waambie Malaba tumetaja, sasa zamu yao!"

Ukacheka. Kilikuwa kicheko chako cha mkekani, kile kile. Nikasikia ndani yake Papai na mbuzi wake, nikasikia muwa. Nikasema, "Nitawaambia," nikakata. Ulipiga tena wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata, na Krismasi. Nilikuwa naliona jina lako likiwaka mezani, na nilikuwa naliacha liwake mpaka lichoke.

Klabu ilimwacha Omuse kwa maneno mazuri. Sasa anaendesha foklifti kwenye ghala la vigae. Jumamosi, wakati honi zinalia ng'ambo ya reli, analala mpaka saa sita mchana, au anajifanya amelala. Viatu vyake vya kuchezea viko kwenye buti la gari langu, na udongo wa mechi ya mwisho. Nilipotaka kuviingiza ndani alikataa, na nilipouliza kama nivitupe alikataa pia. Kwa hiyo nikienda sokoni naenda navyo, nikienda kanisani naenda navyo. Nikikata kona nasikia vikigongana.

Hayo yote nilikuwa nimeyaweka mahali pake, kaka. Nilikuwa nimekuhukumu, nimekufunga maisha, na hukumu ilikuwa imenitulia. Kisha leo asubuhi Emojong, baada ya kunieleza habari za mochari na jeneza, akaongeza jambo kama mtu anayekumbuka salamu.

"Baba alikuwa anauliza sana juu ya wale wazungu."

"Wazungu gani?"

"Wa kura. Kila siku, hata akiwa hospitali. 'Wamerudisha?' Nikamwambia, baba, huko hakuna kurudisha, kura ilifungwa zamani. Akakataa. Akasema haiwezi kufungwa kabla jirani hajasema. Akasema, 'Mdogo wangu aliniambia atawaambia.' Baba mdogo, uliwaambia?"

Nilimuuliza rangi ya jeneza.

Kwa hiyo tangu asubuhi nimekaa hapa na kaka wawili. Mmoja ni yule aliyekwenda kwa Papai. Huyo aliiona nafasi tena, akatumia desturi ya baba kama panga, mara ya pili, kwa maneno yale yale, na akavaa skafu yangu wakati wa kukata. Wa pili ni mzee asiyejua kusoma, ambaye katika dunia nzima alijua uchaguzi wa aina moja tu, ule wa chungu. Alipewa kazi ya kumtukuza mtoto wa mdogo wake, akaifanya kwa heshima zote. Alizunguka juani akiwabembeleza madereva wamtaje mtoto wa wenyewe, akasema wetu bado kama adabu inavyotaka, kisha akaketi kungoja adabu irudi kutoka Melbourne. Akangoja mpaka akafa.

Nimejaribu kuwatenganisha. Nilitaka Emojong aniambie ulicheka au hukucheka ulipouliza "Wamerudisha?", lakini hilo si swali la kumuuliza mtoto aliyefiwa. Sijui ni yupi kati yenu yuko Kocholia. Kama ni wa kwanza, hastahili nauli yangu. Kama ni wa pili, basi ulimvunja mwanangu kwa mapenzi, nami sina mahali pa kuiweka hasira hii niliyoilisha tangu sekondari, na huyo simwezi kabisa. Wa kwanza ningeweza kumzika.

Pengine wewe mwenyewe hukujua. Pengine kule kwa Papai pia ulikwenda ukiwa na homa, ukaogopa kwamba kijana mwenye kitabu na shamba vyote viwili hatakuwa na haja ya kaka. Hapo gazeti limechanika, na leo sibuni.

Emojong, ukifika hapa inua macho uwaangalie wazee. Wamesema mimi ndiye wa kusimama kando ya jeneza nimzungumzie marehemu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, na kwamba jeneza halishuki kabla sijasema. Waambie nimeelewa heshima waliyonipa. Waambie pia kwamba katika boma la Omuse mtu hamtaji wa kwake. Huyu ni wangu. Tumetoka tumbo moja. Alinivusha mto mabegani, akanisomesha kwa shule yake mwenyewe, akashusha paa langu na kulipanga vizuri. Kwa vile ni wangu, siruhusiwi kumsifu hata kidogo. Mtoto wa Papai bado yuko hai. Baba yetu alimtaja bila yeye kustahili. Sasa ni zamu yake kurudisha. Asimame aseme. Kama hana la kusema, na majirani hawana, mshusheni kimya, na chungu kinywewe.

Kaka, lile shamba la mtoni silitaki. Omuse halitaki, hajui liko wapi. Skafu mzike nayo, ni baridi huko chini. Na kuna ujumbe wa mwanangu niliokaa nao mwaka mzima kwa sababu sikutaka uupate ukiwa na nafasi ya kuujibu. Amesema nikuambie amekua.

Nimemaliza kukusomea. Lala.

Mimi sitarudi.

Mdogo wako.